Kamera ya sikio kwa watoto wadogo: tazama umbo kwanza, rangi baadaye (Lamu, Malindi na visiwani)

Nesi_Matondoni

Assalamu alaykum nyote. Kusi imeshaingia, mafua yamejaa majumbani, na nyuma ya mafua huja masikio. Zahanati kadhaa huku kwetu sasa zina kamera za sikio za kuunganisha na simu, lakini picha nyingi zinazotumwa kwenye kundi la rufaa hazisomeki. Utaona wekundu mtupu, au unywele mmoja na nta, na hata juu na chini hujui ni wapi. Tuandike utaratibu mmoja hapa, kila mwenye ujuzi aongeze au asahihishe.

Mtoto apakatwe kwa mamake, ubavu mmoja ukimgusa mama kifuani. Mkono mmoja wa mama unashika kichwa na kukibana kifuani, wa pili unakumbatia mikono yote miwili ya mtoto, na miguu inabanwa katikati ya mapaja. Mama aelezwe kabla, maana akilegeza mkono nusu ya njia ndipo mtoto huumia. Kumlaza kitandani na kumshikilia watu watatu kunaongeza kilio, na kilio huharibu picha.

Mtoto wa chini ya miaka 3, shika ndewe uvute sikio chini na nyuma. Mkubwa zaidi, juu na nyuma. Kosa hili dogo ndilo linalotuletea picha za ukuta wa mfereji badala ya ngoma ya sikio.

Kamera ishikwe kama kalamu, kidole cha mwisho kikiegemea shavu la mtoto, ili akigeuza kichwa mkono wako uende naye. Usiipitishe zaidi ya theluthi ya nje ya mfereji, ile yenye vinyweleo. Ndani ya hapo ngozi imelala juu ya mfupa, ni nyembamba mno na hutoa damu kwa kuguswa tu.

Anza na sikio lisilouma. Rekodi video ya sekunde 10 hadi 15 kila upande, usipige picha moja tu.

FundiSimu_MLD

Dada Nesi, shukrani. Niongeze upande wa chombo, kwa sababu lawama nyingine ni za kamera wala si za mkono.

Lenzi kuingia ukungu: sikio lina joto na unyevu, lenzi imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi au kwenye mkoba. Washa taa dakika 1 au 2 kabla ya kuingiza, ipate joto lake. Kisha gusisha ncha kwenye kifundo cha mkono wako upande wa ndani. Ikikuchoma wewe, mtoto itamchoma zaidi.

Umbali: kamera hizi hazijirekebishi. Nyingi huona vizuri kati ya sentimita 1.5 na 2 kutoka kwenye kitu. Kabla ya kununua, chora herufi ndogo kwenye karatasi, isogeze kamera mbele na nyuma ujue inasomeka umbali gani. Ile isomayo sentimita 3 tu haikufai kwa mtoto, itakubidi uiache nje ya tundu.

Unene: kwa mtoto chukua ncha isiyozidi milimita 4. Zile za 5.5 ni kamera za kuchungulia mabomba na injini, zimebadilishwa kasha tu. Na usidanganywe na megapikseli za kwenye boksi. Kihisi cha ukubwa huo hakina nafasi ya kubeba idadi hiyo, programu ndiyo inayoivuta picha iwe kubwa.

Jambo la hatari kuliko yote hayo ni picha kugeuzwa. Baadhi ya programu zinaonyesha picha kama ya kwenye kioo, kulia kunakuwa kushoto. Na kamera ya mviringo ikizunguka kidogo mkononi, nambari 12 ya uso wa saa inahamia penye nambari 3. Fanya hivi: chora uso wa saa kwenye karatasi, uitazame kwa kamera. Nambari zikisomeka kinyume, zima kioo kwenye mipangilio. Kisha tafuta upande wa juu wa kamera uweke alama ya rangi ya kucha kwenye mpini. Alama hiyo iwe juu kila unaporekodi.

CO_Witu

Hiyo ya uso wa saa ina maana kubwa. Kwenye sikio zima (lisilo na ugonjwa), mng'ao wa taa hukaa mbele na chini: sikio la kulia penye nambari 5 ya uso wa saa, la kushoto penye nambari 7. Picha ikiwa imegeuzwa, mtu anaweza kusema mng'ao umehama wakati haukuhama.

Nataka tukubaliane juu ya jambo moja kabla ya vyombo. Wekundu peke yake si ugonjwa. Mtoto akilia dakika mbili ngoma zote mbili zinakuwa nyekundu. Homa pia huzifanya nyekundu. Kinachotenganisha maambukizi makali ya sikio la kati na mafua ya kawaida ni ngoma kufura kuja nje, kwa sababu nyuma yake kuna usaha unaosukuma. Fikiria godoro lililoshonwa kifungo katikati: pande zote zimetuna, katikati kumebonyea pale inaposhikwa na nyundo, kile kijifupa kilichoshikamana na ngoma kwa ndani. Hapo rangi inaweza kuwa nyekundu, ya njano au nyeupe. Umbo ndilo ushahidi.

Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2013 unasema hivyo hivyo: kufura kwa wastani au sana, au usaha mpya unaotoka bila kuwa ni ugonjwa wa mfereji wa nje, au kufura kidogo tu kukiandamana na maumivu ya chini ya saa 48 au wekundu mkali. Pasipo maji nyuma ya ngoma, usiandike ugonjwa huo.

Upande wa pili kuna maji bila maambukizi makali. Ngoma imevutwa ndani kama tanga lililokosa upepo, rangi ya asali au ya chai ya rangi, nyundo inaonekana fupi na imelala, pengine kuna viputo au mstari wa maji. Mtoto huyu hahitaji amoksilini.

Nesi_Matondoni

Daktari, hapo ndipo penye tabu. Kamera ina jicho moja. Kwenye skrini kila kitu ni bapa kama chapati. Mtu aliye mbali atajuaje kwamba imefura?

SikioPuaKoo_MLD

Swali lako ni la msingi sana, dada, acha nilijibu kwa urefu.

Ukitazama kwa darubini ya hospitali kwa macho mawili unapata kina. Otoskopu ya mkono (ile taa yenye koni ya kuchungulia sikio) na kamera zote ni jicho moja. Kwa hiyo kina lazima ukitafute kwa ishara nyingine, na nyingi zinapatikana kwenye video ila hazimo kwenye picha tuli.

Kwanza, itikise kamera polepole. Ukishaipata ngoma, inamishe ncha kidogo juu, chini, mbele, nyuma, bila kuisukuma ndani. Vitu vilivyo karibu na lenzi husogea zaidi kwenye skrini kuliko vya mbali. Ngoma iliyofura, kingo zake zinaifunika ncha ya nyundo na kuifunua kila unapoinamisha.

Pili, mng'ao. Kamera nyingi zina duara la taa ndogo kuizunguka lenzi, kwa hiyo badala ya mng'ao mmoja utaona vitone kadhaa. Kwenye ngoma zima vinakaa pamoja pale chini mbele. Ikifura vinatawanyika na kupanda kwenye mgongo wa uvimbe.

Tatu, nyundo. Uliza: naona mpini wake wote? Ukionekana wazi na ukingo mkali, hapajafura sana. Ukizama, hapo pana uvimbe. Ukijitokeza sana na kulala, ngoma imevutwa ndani.

Lakini dalili bora ya maji ni mwendo, na hapa kamera za bei nafuu zote zimepungukiwa, hazina njia ya hewa. Otoskopu ya kawaida yenye pampu ya mpira bado ina kazi yake. Tumia koni laini ya kuziba tundu, minya pampu kidogo *kabla* ya kuingiza ili uweze kuvuta na kusukuma pia, kisha minya na kuachia kwa ncha ya kidole. Ngoma zima hupepea kwenda na kurudi. Yenye maji nyuma haiendi, au huenda kwa uzito. Pampu ikionyesha hakuna mwendo, kagua kwanza kama umeziba vizuri. Koni ndogo kwenye tundu kubwa huvujisha hewa, na unaandika ugonjwa usiokuwepo. Koni ya milimita 2.5 kwa mtoto mchanga, 4 kwa mkubwa, na daima ile kubwa zaidi inayoingia bila kuumiza.

Penye timpanometa (chombo kinachopima kwa hewa na sauti jinsi ngoma inavyosogea, na kuchora mstari), tumieni. Mstari bapa na ujazo wa mfereji wa kawaida ni maji. Mstari bapa na ujazo mkubwa ni ngoma iliyotoboka, au ngoma iliyowekewa mrija mdogo wa matibabu ambao haujaziba. Chini ya miezi 6 badilisha sauti kutoka hezi 226 hadi hezi 1000, kwa sababu mfereji wa mtoto huyo bado ni laini na sauti ya chini hudanganya.

Eksirei ya sikio msiandikiane, haisaidii hapa. Picha za CT ni kwa mtoto ambaye uvimbe wa mfupa wa nyuma ya sikio, au hatari ya kuenea kichwani, vinashukiwa. Anapelekwa hospitali, hatupigani na picha zahanati.

MamaWawili_Shela

Samahani wataalamu, mimi ni mzazi tu. Hizi kamera zinauzwa na kijiko cha kutolea nta. Je, nimtoe mtoto wangu wa mwaka mmoja nta ili picha ionekane vizuri nimtumie nesi? Na mafuta ya nazi au ya habasoda tukitia, yanaharibu?

Nesi_Matondoni

Hapana dada yangu, kijiko kiondoe kabisa, hata usikihifadhi. Mtoto wa mwaka mmoja akishtuka, kijiko kinafika kwenye ngoma. Watoto wadogo wana nta laini na inatoka yenyewe.

Mafuta hayaponyi usaha ulio *nyuma* ya ngoma, kwa kuwa hayafiki huko. Kwenye picha yanafunika ngoma kwa ngozi ya mng'ao na kuipa rangi ya njano, msomaji atadhani ni maji. Kama umeshatia leo, tuambie, tusome picha tukijua. Mafuta yaliyopashwa moto, maziwa ya mama na maji ya kitunguu saumu, hivyo visitiwe. Sikio linalotoka usaha lisitiwe chochote nyumbani.

Maumivu ya usiku mtulize kwa parasitamoli kwa kipimo cha uzito wake, asubuhi mlete.

CO_Witu

Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa asisubiri asubuhi wala picha.

DataPwani

Je, programu za akili bandia? Mwaka 2024 kikundi cha Pittsburgh, akiwemo Alejandro Hoberman, kilichapisha kwenye JAMA Pediatrics programu ya simu inayosoma video za ngoma. Waliifundisha kwa video 1,151 za watoto 635. Iliwatambua watoto 93.8 kati ya kila 100 wenye ugonjwa, na kuwaachia 93.5 kati ya kila 100 wasio nao. Na dalili iliyokuwepo kwenye kila sikio lenye ugonjwa ilikuwa kufura. Kwa hiyo anachosema daktari wa Witu, mashine nayo imekiona.

Tufanye hesabu lakini. Chukua watoto 100 wanaofika na mafua, na tuseme 20 kweli wana usaha. Programu itawakamata 19. Katika wale 80 wazima itawaita wagonjwa 5. Kwa hiyo katika kila 24 iliowaita wagonjwa, 5 wangepewa dawa bure. Si mbaya, lakini si kauli ya mwisho. Na ilifundishwa kwa video zilizopigwa na watu waliofundishwa kupiga. Ukiipa video yenye ukungu na nta, itakujibu tu, na jibu lake halina thamani. Kazi ya mkono anayoieleza Nesi ndiyo msingi hata siku mashine ikija.

Afrika Kusini pia kuna hearScope, otoskopu ya simu ya kampuni ya hearX, nayo imejengewa usomaji wa picha.

FundiSimu_MLD

Na ile ya karatasi? Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2019 walikunja karatasi iwe faneli, wakaibandika chini ya simu penye spika na maikrofoni, simu ikalia milio mifupi ya kilohezi 1.8 hadi 4.4 na kusikiliza mwangwi. Ngoma yenye maji nyuma hutikisika tofauti, kama glasi yenye maji na glasi tupu ukizigonga. Ilitambua maji karibu mara 85 kati ya 100.

SikioPuaKoo_MLD

Kaka Fundi, ile ni nzuri kwa kusema *kuna maji*. Haisemi kama ni maji safi au usaha, na ndilo tunalouliza kabla ya kutoa dawa. Tofauti hii isipotee.

Kwa upande wa mwanga, kuna njia mbili ninazoziheshimu ijapokuwa hazijafika zahanati zetu. Moja ni mwanga usioonekana kwa jicho: maji hunyonya sana mwanga wa kupita nanomita 1400, kwa hiyo sikio lenye maji huonekana jeusi na lisilo nayo huonekana jeupe. Tulio Valdez na Moungi Bawendi walikuwa kwenye kikundi kilichoionyesha mwaka 2016. Msidhani kamera ya simu inaweza. Kihisi chake kinaishia karibu nanomita 1100, na vihisi vinavyoona zaidi ya hapo ni ghali.

Ya pili inapima kina kwa mwanga, kama vile ultrasaundi inavyopima kwa sauti. Stephen Boppart wa Chuo Kikuu cha Illinois ndiye aliyeiendeleza kwa sikio, na kampuni ya PhotoniCare ikakiunda chombo chake. Ngoma zima ina unene wa karibu milimita 0.1, kwenye maambukizi huongezeka, na kinachoonekana nyuma yake kinaonyesha kama ni hewa, maji mepesi au uchafu mzito. Hii inajibu swali la jicho moja moja kwa moja, kwa kuwa yenyewe *ni* kina.

Zahanati_Kizingitini

Tunaomba upande wa usaha unaotoka. Huku ndio wengi.

CO_Witu

Ukiona usaha, usirekodi kwanza. Kausha. Chukua kitambaa safi kinachonyonya au karatasi laini isiyokatika, isokote iwe utambi, iweke sikioni, itoe ikilowa, weka nyingine mpaka itoke kavu. Nyumbani mama afanye hivyo angalau mara 3 kwa siku. Vijiti vya pamba havifai. Kisha ndipo upige video, utafute tundu liko wapi. Tundu la katikati ya ngoma ni la kawaida. Tundu la juu kabisa au la ukingoni, hasa likiwa na magamba meupe kama ya samaki na harufu kali, lipelekwe kwa mtaalamu wa masikio bila kungoja.

Chini ya siku 14 ni maambukizi mapya: amoksilini siku 5. Kwa tembe za miligramu 250 zinazoyeyuka: kilo 4 hadi chini ya 10, tembe 1 mara mbili kwa siku, kilo 10 hadi chini ya 14, tembe 2 mara mbili, kilo 14 hadi 19, tembe 3 mara mbili. Siku 14 na zaidi ni sugu: kukausha na matone ya siprofloksasini kwa wiki 2. Matone yenye jentamaisini au neomaisini yasiende kwenye ngoma iliyotoboka, yanaweza kuua usikivu. Na usilisafishe kwa bomba la maji.

Uvimbe wenye maumivu *nyuma* ya sikio, sikio likisukumwa mbele na chini: dozi ya kwanza ya antibiotiki hapo hapo, parasitamoli, na boti ya leo. Upepo ukiwa mbaya piga simu ya rufaa mapema, usingoje maji yajae.

Na watoto wakubwa wanaoshinda wakipiga mbizi: bonyeza kijinyama cha mbele ya tundu la sikio. Akiruka kwa maumivu, huenda ni mfereji wa nje. Kamera usiilazimishe humo, mfereji umevimba.

Nesi_Matondoni

Kuna swali linarudi kila wiki: mtoto amemaliza dawa, homa imekwisha, picha ya wiki ya pili bado inaonyesha maji. Je, dawa imeshindwa?

SikioPuaKoo_MLD

La. Wiki 2 baadaye, watoto 60 hadi 70 kati ya 100 bado wana maji. Mwezi mmoja, karibu 40. Miezi 3, kati ya 10 na 25. Kinachopimwa kwenye saa 48 hadi 72 ni mtoto: homa, maumivu, kunyonya. Maji yakibaki miezi 3 ndipo apimwe usikivu. Picha ya wiki ya pili isimpe mtu dozi ya pili.

FundiSimu_MLD

La mwisho upande wangu. Hewa yetu ya chumvi inakula tundu la chaji kabla ya kitu kingine. Kamera ilale kwenye kopo lisilopitisha hewa na pakiti ya kukausha unyevu, ile inayokuja ndani ya viatu. Kati ya mtoto na mtoto badilisha kofia ya ncha, na lenzi ifutwe kwa alkoholi ya asilimia 70, iachwe ikauke yenyewe. Usiizamishe.

Kamera za waifai zinaitoa simu kwenye data, kwa hiyo hifadhi video kwanza, kisha katisha waifai ndipo utume. WhatsApp tuma kama *hati*, ukituma kama video inabanwa na vitone vya mng'ao vinayeyuka. Programu inayodai akaunti na kupandisha picha kwenye seva yake, ikataeni. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na mzazi lazima aridhie.

Nesi_Matondoni

Nimeweka haya juu ya ukurasa. Kila video iandamane na: umri kwa miezi, uzito, upande (KL kwa kulia au KS kwa kushoto), siku ngapi tangu kuanza, joto la mwili, alikuwa akilia au la, kilichotiwa sikioni kabla, na kama pampu imetumika. Jina la mtoto lisiandikwe, nambari ya daftari inatosha. Video isiyo na upande irudishwe kwa aliyeituma.